Mukalay na Sungura Kumi na Wawili Wenye Chuma Mguuni

Mtazame kwanza akija. Ni saa moja asubuhi hapa Kamina, na pikipiki zimeshaamsha vumbi la barabara itokayo kambi ya reli. Kati ya watu wanaokimbilia soko na ofisi yumo mmoja asiyekimbilia kitu. Ni mzee mrefu, mkavu, amevaa kofia ya kazi iliyopauka hadi rangi yake haijulikani tena, anasukuma baiskeli ambayo haipandi. Baiskeli ndiyo fimbo yake. Nyuma amefunga furushi la majani ya viazi vitamu. Anatanguliza mguu wa kulia, anauvuta wa kushoto, na kila baada ya nyumba sita saba anasimama na kugeuza uso kando kana kwamba ameona jambo. Hajaona jambo. Anaupumzisha mfupa.

Huyo ni Edmond Mukalay, na ukimsalimu atakuitikia "Eyo, vidye," kwa heshima ya Kiluba, hata kama wewe ni mdogo kuliko mtoto wake wa mwisho. Usimwulize habari za mguu. Akikuzoea atakueleza mwenyewe.

Kwa miaka thelathini alifanya kazi ya njia. Alikuwa katika kundi la wanaume wanaong'oa mataruma yaliyooza na kuweka mapya, wanaoinua reli kwa mabega na kuishusha kwa wimbo, wote pamoja. Miaka kumi na moja iliyopita, upande wa Luena, reli moja ilishuka kabla wimbo haujafika mahali pa kushushia. Ikalala juu ya muundi wake wa kushoto. Walimpeleka Lubumbashi katika behewa la mizigo, safari ya siku mbili, na huko wakamtia bamba la chuma mfupani na skrubu sita. Mfupa ukaunga vizuri. Lakini penye kovu palibaki kitundu kidogo, na kitundu kile kinatoa usaha mpaka leo. Akimeza vidonge kinakauka wiki tatu, nne. Akiviacha kinafumbuka. Mkewe Marthe hukiita jicho.

"Jicho imeamuka leo, Papa Déborah?" humwuliza asubuhi, akimwita kwa jina la binti yao, akiwa ameshika vitambaa vya kufungia alivyovifua jana.

"Imeamuka."

"Inalia?"

"Inalia kidogo."

Basi, kwao hapo siku imeanza.

Mguu huohuo ndio uliompatia kazi anayokwendea sasa. Mwanzoni mwa mwaka alikwenda kuomba vidonge kwenye zahanati moja ndogo ya mtu binafsi, akapokewa na Dokta Laetitia Monga, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mpasuaji wa mifupa ambaye bado anasoma. Alibakiza kitabu chake cha mwisho, kile ambacho mtu hukisimamia mbele ya walimu wakubwa ndipo apewe cheo. Dokta alikitazama kitundu muda mrefu, akakibonyeza, akanusa kitambaa bila kukunja uso. Kisha akauliza jambo ambalo Mukalay hakulitegemea.

"Papa, unajua kufuga sungura?"

"Nilifugaka, Dokta. Tukabakula."

"Hawa wangu hatutabakula."

Akamweleza polepole, kwa Kiswahili cha kwetu, na Mukalay akaelewa kwa sababu alikuwa akielezwa mguu wake mwenyewe. Dawa husafiri ndani ya damu, na chuma hakina damu. Vijidudu vikifika kwenye chuma hujishikiza pale na kujifunika utando, kama ule ute unaoshika ndani ya mtungi wa maji usiosuguliwa. Dawa inapita nje ya utando, inaua vilivyo nje, vya ndani vinabaki vimelala. Ukiacha vidonge vinaamka. Njia inayojulikana ni kumpasua mtu tena, kutoa chuma, kukwangua mfupa, na kazi hiyo watu wengi wa Kamina hawaifikii. Dokta alitaka kujua kama dawa mbili zikidungwa pamoja zinaweza kuupenya ule utando huku chuma kikibaki ndani. Jambo hilo huwezi kuanza kulijaribu kwa watu. Kwa hiyo sungura kumi na wawili, wakiwa wamelazwa kwa dawa ya usingizi, wangetiwa kipini cha chuma katika mfupa wa mguu, pamoja na vijidudu vya aina ileile iliyokaa katika jicho la Mukalay.

"Bataumia?" aliuliza.

"Bataumia. Kila siku bote batapata dawa ya maumivu. Lakini sitakudanganya, Papa Edmond. Bataumia kidogo."

Alirudi nyumbani akafikiri siku mbili. Marthe akamwambia, "Weye njo unajua ile maumivu. Afazali bachungwe na weye kuliko na mutu asiyejua." Akaikubali kazi.

Nyumba ya sungura iko nyuma ya zahanati, ndefu, ya matofali, imeezekwa kwa bati. Vizimba kumi na viwili vimepangwa mstari mmoja. Kizimba cha kwanza kiko karibu na pipa la maji na kivuli cha ukuta wa jirani, mahali pazuri. Cha kumi na mbili kiko upande wa machweo, na kuanzia saa nane mchana bati la pale linakuwa moto mtupu. Sungura wote ni weupe, macho mekundu. Wewe na mimi tungewaona ni mmoja aliyezaliwa mara kumi na mbili. Walipoletwa walikuwa na alama za wino masikioni, lakini sungura hujilamba na kujisugua, na baada ya wiki mbili wino ulikuwa umekwisha. Kulikuwa na namba za vizimba, kwa hiyo hakuna aliyejali.

Mukalay hakuhitaji wino. Aliwapa majina ya stesheni. Bukama alikuwa na mkato mdogo sikioni. Luena alikuwa mwoga, alikula tu ukimpa kisogo. Kabongo, jike kubwa, aligonga bakuli kwa meno likiwa tupu. Guylain, muuguzi mnene mwenye maneno mengi aliyekuwa akija kila asubuhi na sindano, alimcheka.

"Chefu wa stesheni, treni ya leo iko saa ngapi?"

"Iko tayari. Ni dereva njo anachelewa kuamuka."

"Dereva amekunywa chai kwanza. Nipe huyo namba moja."

Mukalay alimshika namba moja kwenye mapaja, akamfunika macho kwa kiganja, Guylain akadunga zile dawa mbili na ya maumivu. Kisha namba mbili, mpaka sita. Kuanzia saba hadi kumi na mbili Guylain alidunga sindano ya dawa ya maumivu peke yake, akafunga sanduku, akaondoka. Kazi iliyokuwa ya Mukalay ilikuwa nyepesi kwa macho na nzito kwa mwili: kuchota maji, kufagia, kukata majani, kushika wanyama wanaochechemea, naye mwenyewe anachechemea. Mara nyingi ilipofika saa sita alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mguu ameunyoosha mbele, na katika vile vizimba kila mnyama amelala ameunyoosha wake. Walitazamana hivyo, wagonjwa kumi na watatu.

Sasa nisikilize hapa, maana ndipo mambo yalipoharibikia, na hayakuharibika kwa ubaya wa mtu.

Katika kazi ya njia kuna desturi ya kusogea. Kundi linapobeba reli, anayekaa mwishoni ndiye anayeumia kuliko wote, na anayekaa mbele hupata nafuu. Kwa hiyo kila Jumamosi watu husogea nafasi moja: wa mwisho anakwenda kuwa wa kwanza, kila mtu anashuka hatua. Hakuna anayeamriwa. Mtu akigoma kusogea, hakuna atakayemwachia hata moto wa kuwasha sigara. Mukalay alisogea hivyo kila Jumamosi kwa miaka thelathini. Alipoona namba kumi na mbili anahema, mdomo wazi, chini ya bati la moto, mikono yake haikuuliza mtu. Jumamosi ya kwanza baada ya sindano kuanza alimtoa wa mwisho akamweka kizimba cha kwanza penye kivuli, na wengine wote akawasogeza nafasi moja. Jumamosi ya pili vilevile. Ya tatu vilevile.

Aliona, bila shaka, kwamba waliokuwa wakipata zile dawa mbili sasa wengine wameacha kupata, na waliokuwa hawapati wameanza. Hilo lilimfurahisha. Alidhani dawa haiwatoshi wote kumi na wawili, ndiyo maana inatolewa kwenye vizimba sita tu, na kwamba kwa kusogea kila mmoja angefika zamu yake. Daktari alikuwa amempangia Guylain kazi hiyo kwa Kifaransa, kabla Mukalay hajaajiriwa. Mukalay mwenyewe aliambiwa alishe, afagie, ashike. Hakuna aliyemwambia zaidi.

Siku ya Ijumaa ya wiki ya nne, Dokta Laetitia alikuja na bahasha ya picha za eksirei. Alizishika moja moja kuelekea dirishani. Alikuwa na macho ya mtu aliyelala vibaya wiki nzima.

"Jumatatu tunamaliza," alisema. "Tutabalaza wote, usingizi ya mwisho, tutatoa chuma na kupima mifupa. Lakini picha tayari haziniambii kitu. Ona huyu wa tatu, alipata dawa, mfupa umeliwa. Ona wa saba, hakupata dawa, mfupa safi. Hakuna tofauti."

"Ni nini njo ungetaka kuona, Dokta?"

"Hawa sita, moja mpaka sita, bamepata dawa mbili tangu mwanzo. Bale sita bengine hawakupata hata siku moja. Kama dawa inafanya kazi, huku ni safi, kule ni uchafu. Sasa nitaandika kwamba dawa haifanyi kitu. Hata hiyo ni jibu. Wengine watasoma, hawatapoteza muda kuijaribu." Akazirudisha picha katika bahasha. "Nilitumaini kwa ajili yako pia, Papa Edmond."

 Mukalay alishika kizimba cha kwanza kwa mkono mmoja, na ndani yake alikuwa amekaa mnyama ambaye mwezi uliopita alikuwa wa kumi.

Alirudi nyumbani mapema. Marthe alikuwa uani akitwanga mihogo mikavu, akamwona anavyouegemeza mwili juu ya baiskeli.

"Jicho?"

"Hapana. Ni kichwa."

Akaketi, akamweleza yote. Marthe aliacha mchi umesimama ndani ya kinu, akasikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mwanamke asiyepamba maneno.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna. Bote ni weupe."

"Ukisema?"

"Kazi ya Dokta inaanguka. Na yangu."

"Ukinyamaza?"

Mukalay aliufungua mguu polepole, kitambaa kimoja baada ya kingine. "Nikinyamaza, ataandika dawa haiponyeshe. Ataandika kwa sababu yangu. Na kila mutu mwenye chuma kama hii, dokta wake atasoma: usijaribu." Akatazama kitundu. "Pengine inaponyesha, Mama Déborah. Hakuna mutu anajua. Hata hao sungura bameteswa bure."

Marthe alichukua mchi, akatwanga mara mbili tatu, akaacha tena. "Weye ulishazeeka kuanza kuficha vitu," alisema. "Hautaweza. Utakonda, nitaulizwa mimi."

Jumamosi asubuhi Mukalay hakusogeza mnyama yeyote. Alifagia, akagawa majani, akaketi juu ya ndoo. Dokta alipoingia, mzee alijaribu kusimama, mguu ukakataa, ikabidi aseme akiwa ameketi, jambo lililomwaibisha zaidi ya maneno yenyewe.

"Dokta, minyi nilibasogeza."

"Uliwasogeza nani?"

"Bote. Kila Jumamosi, nafasi moja. Juu ya jua, bati inabachoma."

Dokta hakuelewa mara moja. Alimwuliza tena, naye akaeleza kazi ya njia, mwisho wa reli, bati la moto, zamu. Alieleza kwa utaratibu, kama mtu anayetoa maiti ndani ya nyumba na hataki kugonga mlango. Dokta alikuwa amesimama. Akaketi sakafuni, pale pale alipokuwa, akaegemea ukuta na koti lake jeupe, akafumba macho. Guylain aliyekuwa mlangoni aliweka sanduku la sindano chini.

Dokta akasema, macho yamefumbwa, "Juu ya nini haukuniuliza?"

"Sikuwaza kama ni kitu ya kuuliza. Kwetu mutu haulizi kusogea."

"Na mimi," akasema, "sikukuambia kitu. Niliwaambia walimu, niliwaambia watu wa kamati ya maadili, niliandika karatasi arobaini. Weye unayekaa nao mchana kutwa, sikukuambia." Alisema bila hasira, kama mtu anayesoma orodha ya vitu vilivyoibiwa. Kisha akafumbua macho. "Unabajua? Mmoja mmoja?"

"Nabajua."

"Nani alianzia wapi?"

Mukalay alinyoosha kidole. "Hapa, wa nne, ni Bukama. Alianzia moja. Ona sikio. Wa tano, Luena, alianzia mbili. Wa sita alianzia tatu, ni Kaniama, anakohoa asubuhi." Akaenda hivyo mpaka mwisho wa mstari, mnyama kwa mnyama, kila mmoja na stesheni yake, na Dokta aliyekuwa ametoa daftari akawa anaandika. Guylain aliwatazama sungura wale kwa mara ya kwanza, naona, ingawa aliwadunga wiki nne.

Hesabu ilipokamilika ilikuwa hivi: watatu walibaki katika vizimba vya sindano wiki zote nne. Watatu hawakuingia humo hata siku moja. Wale sita wengine walipata dawa nusu nusu, na mifupa yao haikuwa ushahidi wa kitu chochote tena. Dokta akatoa zile picha, akapanga watatu kushoto, watatu kulia, juu ya sakafu. Mukalay hakujua kusoma picha, lakini alijua kusoma uso. Uso wa Dokta ulijongea karibu na zile picha.

"Kuna kitu?" aliuliza.

"Kunaweza kuwa kitu. Bawili kati ya hawa batatu ni safi. Kule hakuna safi hata mmoja." Akazikusanya. "Lakini watatu ni wachache. Nikienda na watatu, walimu wataniuliza nilijuaje nani ni nani. Nitajibu: kwa sikio lenye mkato na kwa kikohozi. Watacheka, Papa Edmond. Na watakuwa na haki."

"Basi minyi niende."

"Uende wapi?"

"Nyumbani. Umepata hasara juu yangu."

Dokta alitikisa kichwa. Aliinuka polepole akijishika ukutani, na kwa kitambo kile, yeye aliyekuwa na miguu miwili mizima, aliinuka kama Mukalay mwenyewe. Alikwenda hadi kizimba cha Kabongo, akaingiza kidole kati ya nyaya. Jike lile likakinusa likaona si chakula, likaligonga bakuli lake.

"Jumatatu tutamaliza na hawa, kama ilivyopangwa," alisema. "Nitaandika yote, hata kusogea. Kiisha nitaomba kuanza tena. Kumi na wawili wengine, wazima. Sikio kila mmoja atatiwa chuma ya namba, haitalambwa. Dari itawekwa chini ya bati. Lakini sitaki mutu mwingine wa kubachunga. Namtaka mutu anayejua mnyama akiumia kabla hajalia. Namtaka weye."

Mukalay alikuwa amejiandaa kufukuzwa. Usiku mzima alijiandaa, akapanga hata maneno ya kuagia.  Aliwatazama wale wa mwisho wa mstari, walionyoosha miguu, halafu akatazama mikono yake. Mikono hii ingewapokea wengine kumi na wawili wanaoruka vizuri, iwafunike macho, iwashike vyema wakati Dokta anatoboa mfupa. Na safari hii atakuwa anajua tangu siku ya kwanza ni yupi atapewa dawa na ni yupi ataachwa aoze taratibu, na hataruhusiwa kusogeza mtu. Akikataa, atachukuliwa mtu mwingine, labda mwenye mkono mzito. Au hatapatikana mtu, na wale wawili walio safi watabaki picha ndani ya bahasha.

"Nikuambie lini?" aliuliza.

"Jumatatu. Kabla hatujaanza."

Akafunga furushi tupu nyuma ya baiskeli, akatoka. Hapo njiani kuelekea kambi ya reli alisimama mara nyingi kuliko kawaida, na safari hii alikuwa na jambo la kutazama, ingawa halikuwa barabarani.

Wewe uliyenisikiliza mpaka hapa, kama ni mguu wako unaolia na ni mikono yako itakayowashika wale kumi na wawili wapya, Jumatatu ungemjibu Dokta nini?